Huyo Binti Mnayemsifu kwa Upole

Vikao vya wazazi shuleni vina jibu moja linalofunga mjadala. Mwalimu anaeleza kwamba binti fulani hajanyoosha mkono tangu shule ifunguliwe, kwamba siku ya kusoma insha mbele ya wenzake huwa anaumwa tumbo, kwamba wakati wa mapumziko hujifungia chooni mpaka kengele ilie. Mzazi anatabasamu: "Huyo ndivyo alivyo, mpole. Hana makuu." Wengine wanaitikia kwa kichwa, na kikao kinahamia kwenye michango ya chakula.

Jibu hilo lina ndugu zake, na wote hujitokeza pale mtu anapothubutu kusema kwamba binti kama huyo apelekwe kwa mwanasaikolojia. Nitawaeleza kwanza kama wenyewe wanavyojieleza, maana wanaoshikilia msimamo huu wengi wao ni wazazi wanaowapenda watoto wao.

Wanasema hivi. Kuwa na haya ni pambo la mtoto wa kike, na jamii iliyomlea akawa na staha haistahili kuambiwa kwamba imelea mgonjwa. Ujana una misukosuko yake. Msichana wa miaka 14 anayejificha leo atakuja kuwa mama mwenye kauli, kama walivyokuja kuwa shangazi zake. Akibanwa kidogo, akasimamishwa mbele za watu, atazoea. Kukaa na mtu baki na kumweleza ya moyoni ni desturi ya watu wasio na ukoo wa kuwategemea, ilhali sisi tuna bibi, somo, shehe na mchungaji. Wataalamu wenyewe ni wachache na fedha hakuna. Na ukishamwambia mtoto ana tatizo la akili, maneno hayo yatamfuata mpaka siku ya posa.

Hoja hizi hazikutungwa ovyo, na moja nakubaliana nayo tangu mwanzo: si kila msichana mkimya ana maradhi. Zilizobaki nazipinga, nyingine kwa maneno mengi zaidi.

Ya kwanza: "Ni malezi mema"

Binti mwenye haya hupunguza sauti mbele ya wakwe wa dada yake, hupokea wageni kwa kupiga goti, halafu akirudi kwa wenzake anacheka mpaka machozi yanamtoka. Anajua wapi anyamaze na wapi aseme. Binti ninayemzungumzia hana hiari hiyo. Ana swali la hisabati, amelitunga vizuri, amelirudia kichwani mara nyingi, moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa, na kipindi kinaisha swali likiwa bado kooni. Jioni anajilaumu kwa kutouliza. Usiku anaiwazia kesho, kwa sababu kesho kuna kipindi kingine.

Madaktari wana vigezo vyao vya kutambua hofu hii ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu. Iwe imedumu miezi 6 au zaidi. Iwe inamharibia masomo, urafiki au shughuli zake za kila siku. Na akiwa ni mtoto, lazima hofu ionekane hata anapokuwa na watoto wenzake, isiishie mbele ya watu wazima. Kigezo hiki cha mwisho ningependa kila mzazi akishike. Hakuna mila ya Pwani wala ya bara inayomtaka msichana awaogope wasichana wenziwe. Binti anayekwepa kula chakula cha mchana na wenzake, asiyeweza kujiunga na rede, anayetetemeka anapoitwa jina na mtu wa rika lake, hayo hakufundishwa na bibi yake.

Kuna gharama ambayo hatuihesabu. Siku zake zinapomjia akiwa darasani, binti huyu hawezi kuomba ruhusa ya kutoka. Anakaa, anaifunga sweta kiunoni, na kesho yake haji shule. Akiugua, hawezi kumweleza nesi mahali panapouma mbele ya foleni ya watu. Akipunjwa chenji dukani anaondoka bila kudai. Halafu lipo kubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu nusu ya hao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Wapo walionyamazishwa na vitisho, na aibu, na kujua kwamba hawataaminiwa. Kosa ni la waliowatendea, na halimgusi binti hata chembe. Lakini mtu mzima mwenye nia mbaya anapoingia kwenye nyumba yenye wasichana watatu, anamtafuta yule asiyeweza kusema. Sisi ndio tuliokwisha kumtangaza mbele ya wageni kwamba huyu hana maneno.

Na familia hiyohiyo inayousifu ukimya wake akiwa na miaka 14 itamtaka, akifika 22, aingie kwenye usaili wa kazi, akae mbele ya watu watano wasiomjua, ajieleze na ashinde. Akishindwa ataambiwa hajiamini. Hatujawahi kumweleza huko kujiamini angekuokota wapi katika miaka yote tuliyomsifu kwa kunyamaza.

Ya pili: "Ataacha akikua"

Mwaka 1966, London, madaktari Isaac Marks na Michael Gelder walichapisha uchunguzi wao kuhusu umri ambao hofu za aina mbalimbali huanza. Hofu za wanyama zilianza utotoni kabisa. Hofu za watu zilianza baada ya kubalehe. Tafiti kubwa za Marekani zilizofuata zikaonyesha kwamba nusu ya wenye tatizo hili lilikuwa limeshawaanza walipokuwa na miaka 13 hivi. Wanaosema kwamba mambo haya yameletwa na simu wautazame mwaka huo wa 1966.

Je, linaondoka lenyewe? Kwa baadhi ya vijana, ndiyo. Kwa wengi haliondoki. Watu wazima waliofika kliniki nchini Marekani wakiwa na hofu hii walifuatiliwa kwa miaka 12, na waliopona katika muda wote huo walikuwa kama 37 kwa kila 100. Kati ya hofu zilizofuatiliwa humo, hii ilikuwa miongoni mwa zilizong'ang'ania zaidi. Na mara nyingi sonona huja nyuma yake, maana mtu aliyejitenga na watu kwa miaka hana wa kumshika anapoanguka.

Wale shangazi tunaoambiwa waliacha, nawaomba wasomaji wawatazame upya. Kila ukoo unaye mmoja ambaye kwenye kila shughuli yuko nyuma ya nyumba. Harusi, hitima, ubarikio, yeye yuko kwenye masufuria tangu alfajiri, hatoki kupiga picha, hali na wenzake, akiitwa mbele kutambulishwa anasema mikono yake ina mafuta. Tunamwita mchapakazi. Yawezekana kweli anapenda kupika. Yawezekana pia kwamba kwa miaka 30 amekuwa akitafuta mahali pa kujificha na sisi tukampa mwiko.

Wengine husema ndoa itamfungua. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ikaona mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Msichana asiyeweza kumwambia konda kituo chake hawezi kumwambia mume "sitaki". Kumpeleka kwenye ndoa akiwa hivyo ni kumfungia mlango.

Ya tatu: "Msimamishe mbele ya watu, atazoea"

Hoja hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoumiza watoto wengi zaidi. Ni kweli kwamba hofu hupungua kwa kuikabili. Tiba yenyewe imejengwa hapo. Wanaokosea ni wale wanaodhani kwamba kukabili ni kusukumwa.

Hebu tuone kinachotokea darasani. Msichana ametoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu anamwita mbele aeleze jibu. Anakosea neno, darasa linacheka, mwalimu anacheka au anashika fimbo. Msichana anainamisha kichwa, sauti inazama, machozi yanakaribia, mwishowe anaambiwa "kaa chini". Anakaa, na moyo unatulia. Amejifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba akisema atadhalilishwa, na kwamba unafuu unapatikana kwa kukimbia. Mfanyie hivyo kila wiki kwa miaka minne, na hofu yake itakuwa imepata ushahidi. Anayesema atazoea ananieleza kitu kingine kabisa: kwamba darasa litazoea kumwona anadhalilika.

Hapa pia niseme kwamba wasichana wengi wamenyamaza darasani kwa sababu ya lugha na kicheko tu. Hao hawahitaji mwanasaikolojia. Wanahitaji mwalimu anayekataza kicheko. Tiba isigeuzwe kiraka cha shule inayoaibisha watoto.

Kwa yule mwenye hofu ya kweli, kazi huenda kwa njia nyingine. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kinachoifanya hofu hii isife. Mtu akiwa mbele ya watu huacha kuwatazama watu na kuanza kujitazama mwenyewe kwa ndani: ninatetemeka, sauti imekwama, wanaona jasho. Picha hiyo ya ndani anaichukulia kuwa ndiyo wanayoiona wengine. Halafu hutumia vijinjia vya kujikinga, kama vile kuvaa sweta kwenye joto la Dar es Salaam ili jasho lisionekane, kushika simu asisemeshwe, kusema haraka amalize, kutomtazama mtu machoni. Siku ikipita salama anaamini ni sweta iliyomwokoa.

Namfahamu binti wa kidato cha pili aliyekuwa akipitilizwa kituo kwenye daladala. Kituo alikijua vizuri. Kilichomshinda ni kusema "shusha" kwa sauti ya kumfikia konda, gari zima likisikia. Alikuwa anasubiri abiria mwingine ashuke, popote pale, naye ashuke hapo, kisha arudi kwa miguu na jua la saa nane. Nyumbani walipouliza mbona anachelewa, alisema kulikuwa na foleni.

Mnasihi aliyempata hakumwambia ajipe moyo. Alimwomba aandike kitakachotokea akisema. Binti akaandika: sauti itakwama, wote watageuka, konda atamdhihaki. Kazi ya kwanza ilikuwa kupanda gari na kuhesabu ni abiria wangapi wanageuka mtu mwingine anapoomba kushuka. Alihesabu safari kadhaa, hawakugeuka. Baadaye akasema mwenyewe, akiwa kiti kilicho karibu na konda. Kisha kutoka kiti cha nyuma kabisa. Kisha likaja zoezi ambalo mama yake aliliona halina maana hata kidogo: aseme "shusha" mahali pasipo pake, gari lisimame, halafu aseme "samahani, si hapa". Yaani afanye kwa makusudi kosa alilokuwa analiogopa kuliko yote, aone gharama yake halisi. Konda aliguna, akagonga bati, gari likaondoka. Ile karatasi aliyoandika mwanzo ikatolewa, wakaisoma pamoja mstari kwa mstari.

Siku nyingine walimrekodi kwa simu akisimulia kisa. Kabla ya kuangalia alisema mikono yake itaonekana inatetemeka mno. Video ilipochezwa alimwona msichana anayesimulia kisa, basi. Aliirudisha mara ya pili kuitafuta mitetemo.

Hatua zilipangwa pamoja naye, ndogo kwanza, na hakuna iliyochukuliwa bila ridhaa yake. Wala hakuna kidonge kilichohitajika. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2013 unaelekeza watoto na vijana wenye hofu hii wapewe tiba ya fikra na tabia, yaani kazi ya namna hii aliyofanya binti, peke yao au kwa vikundi, na unaelekeza dawa zisiwe jambo la kawaida kwao. Mzazi anayekataa tiba kwa kuogopa mtoto atalevywa dawa anakataa kitu ambacho hata hakijapendekezwa.

Ya nne: "Ni mambo ya Wazungu"

Shule inayomtisha binti huyu, na madawati yake kwa safu, mtihani wa taifa na lugha yake ya kufundishia, haikutoka kwa mababu zetu. Tuliipokea na tunaiuzia mashamba ili watoto wasome. Kinachokataliwa kwa jina la ugeni ni kile tu kinachomsaidia mtoto kuistahimili.

Na ushahidi hauko Ulaya pekee. Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa tiba ya fikra na tabia waliipata kwa vikundi, kutoka kwa watu wa kawaida wa maeneo hayo waliofunzwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, ya mjini na ya vijijini, watoto hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida. Katika eneo la nne tofauti haikuonekana. Ule ulikuwa uchungu wa msiba, siyo hofu ya watu, lakini utafiti huo unajibu swali la kama tiba ya namna hii inaweza kuzungumzwa na kueleweka hapa kwetu. Mwaka 2021 kukachapishwa utafiti mwingine wa Kenya, wa programu ya Shamiri, uliowahusu wanafunzi 413 wa sekondari, wengi wao wasichana. Vijana waliomaliza shule juzijuzi tu waliongoza vikundi mara 4, na dalili za sonona na wasiwasi zikapungua kuliko kwa wanafunzi waliofundishwa mbinu za kusoma tu.

Tena wazo la msichana kukabidhiwa mwanamke mzima asiye mama yake, amweleze yasiyosemeka nyumbani, tumelijua kabla ya chuo chochote cha saikolojia. Somo wa Pwani alikuwa na kazi hiyo. Simchanganyi na mtaalamu: somo alifundisha namna ya kuwa mke, na mengi aliyofundisha yalikuwa ni kunyamaza. Ila kiti alichokalia kipo, na watu wetu wanajua kukikalia.

Ya tano: "Maombi yanatosha"

Sina ugomvi na dua. Mtoto anayeombewa na wazazi wake anajua anapendwa. Nina ugomvi na kumsimamisha msichana anayeogopa kutazamwa mbele ya mkutano mzima, kipaza sauti kikiwa wazi, na kutangaza kwamba ana pepo la ububu. Hilo ni jinamizi lake lenyewe, na safari hii limetekelezwa na watu anaowaamini. Mtoto akivunjika mkono anaombewa na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, wala hakuna shehe au mchungaji anayeona imani imepungua.

Ya sita: "Wataalamu wako wapi?"

Ni wachache, na wengi wako mijini. Hii ni sababu ya kudai, lakini imegeuzwa kuwa sababu ya kutulia. Utafiti wa Bungoma na Moshi na ule wa Shamiri zilichukua watu wasio na shahada ya saikolojia, wakafunzwa jambo moja vizuri na kusimamiwa. Hilo linawezekana wilayani.

Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri na unasihi kwenye orodha. Mara nyingi ni mwalimu mwenye vipindi vyake kamili, hana chumba, na ndiye pia mwalimu wa nidhamu au anakaa meza moja naye. Binti akimweleza jambo saa nne, saa sita linajulikana ofisini kwa walimu, na jioni limefika mabwenini. Kisha tunasema wasichana hawaitumii huduma hiyo. Mtu anayeshika fimbo asipewe kazi ya kusikiliza, na chumba chenye mlango unaofungwa hakigharimu zaidi ya jukwaa la mahafali.

Ya mwisho, ambayo haisemwi

Nimezungumza na wazazi kuhusu jambo hili mara nyingi, na tukishamaliza mila, dini na fedha, hubaki swali moja linaloulizwa kwa sauti ya chini: mtoto wangu atakwenda kumwambia nini huyo mtu? Ninaliheshimu swali hilo kuliko yote yaliyolitangulia. Huenda atasema kwamba anaogopa watu kwa sababu kila akikosea nyumbani anaitwa mjinga mbele ya wadogo zake. Huenda atataja jina la mjomba. Huenda atasema baba akirudi usiku nyumba nzima inanyamaza, na yeye hajawahi kuacha kunyamaza tangu hapo. Au hatasema lolote la namna hiyo, atasema tu kuhusu konda.

Mzazi anauliza pia kama ataambiwa yote yatakayosemwa. Hapana. Ataambiwa kama maisha ya binti yapo hatarini au kama kuna mtu anamdhuru, na katika mengine ataelezwa namna ya kumsaidia nyumbani: asimjibie wageni wanapomsalimia, asimtanie kwa ukimya wake, amtume dukani na kumwachia muda wa kuuliza bei mwenyewe. Yaliyobaki ni ya binti. Mzazi asiyeweza kukubali sharti hilo aseme wazi kwamba hilo ndilo linalomzuia, aziache mila na dini zisibebe mzigo ambao si wake.